Mkopo wa nyumba kwa anayeishi Muheza, Mkinga au Pangani: anza na karatasi ya kiwanja

Mtu wa Maramba, Mwera au Mombo mkoani Tanga akirudi kutoka benki mikono mitupu, maelezo anayowapa nyumbani ni kwamba benki hawakopeshi watu wa vijijini. Sivyo. Hakuna sheria ya Tanzania inayomzuia mkazi wa kijijini kupata mkopo wa nyumba. Kinachomkwamisha mara nyingi ni karatasi ya ardhi aliyopeleka, kwa kuwa haina nguvu ya kushikilia rehani ya miaka 15. Tunaanzia hapo, kwa sababu kipato unaweza kukipanga ndani ya miezi michache, ilhali ardhi isiyo na karatasi sahihi inaweza kukuchukua mwaka au zaidi.

Serikali inahusika vipi

Kwa kawaida serikali haikopeshi mwananchi mmoja mmoja fedha za kujenga. Inasimama nyuma ya wakopeshaji. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba ilirekebisha Sheria ya Ardhi ili benki ziweze kukopesha kwa muda mrefu na mkopaji naye alindwe. Mwaka 2010 ikaundwa Tanzania Mortgage Refinance Company, maarufu kama TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa miaka 15 au 20 badala ya mitatu. Upo pia mfuko wa mikopo midogo ya nyumba ulioanzishwa chini ya Benki Kuu, ambao huwapa fedha wakopeshaji wa watu wa kipato cha chini.

Kwa hiyo usipoteze nauli kwenda Dar es Salaam kuulizia TMRC au Benki Kuu. Nenda kwa benki au taasisi ya fedha yenye leseni iliyo karibu nawe, ukaulize swali moja: "Mna mkopo wa nyumba wa muda mrefu, na mnapokea hati ya aina gani?" Mtu akikupigia simu kukuambia umechaguliwa kupata mkopo wa nyumba wa serikali, utume kwanza ada ya fomu, huyo ni tapeli. Hakuna mpango wa namna hiyo.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na ndiyo maana wengi huitamani kwa ajili ya tofali na bati. Lakini ni mikopo ya shughuli za uzalishaji za kikundi. Ukiipeleka kwenye msingi wa nyumba, marejesho yanaanza kabla nyumba haijakuingizia hata shilingi, na wanakikundi wenzako ndio watakaodaiwa pamoja nawe.

Jua ardhi yako ni ya aina gani

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ya hifadhi haikopeshwi wala haijengwi, basi. Kazi iko kwenye mbili za mwanzo.

Kiwanja kilichopimwa mjini Muheza, Korogwe, Pangani au Kasera huwa kwenye ardhi ya jumla. Hati yake ni ya miaka 33, 66 au 99, na imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Benki zote za mikopo ya nyumba huipokea hiyo, kwa sababu mkopaji akishindwa kulipa inaweza kuuzwa kwa raia yeyote.

Ukiwa kijijini, karatasi halali ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kisheria ina hadhi sawa na hati ya mjini, na raia anaweza kuishika bila ukomo wa miaka. Benki husita nayo kwa sababu moja ya msingi: ardhi ya kijiji haihami kwenda kwa mtu wa nje bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Afisa mikopo anajua kwamba siku ya mnada wanunuzi watakuwa wachache. Matokeo yake, hati ya kimila hukupatia mkopo mdogo wa nyumba wa miaka miwili hadi mitano kwa baadhi ya wakopeshaji, na si rahisi ikupatie rehani ya miaka 15.

Karatasi ya aina ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi: karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Hiyo ni ushahidi kwamba mliuziana, lakini si hati. Itunze vizuri, maana ndiyo mwanzo wa kuomba hati. Ila usiipeleke benki ukitegemea mkopo wa nyumba.

Kupata hati ya kimila

Kwanza uliza ofisi ya mtendaji wa kijiji mambo mawili: kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji? Kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Yakikosekana, maombi yako yatakaa tu, hata ukiandika vizuri namna gani. Hapo kazi si ya mtu mmoja. Jambo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya wilaya iombwe kuleta wataalamu.

Vikiwepo, chukua fomu ya maombi kwa mtendaji, ujaze ukubwa na matumizi. Kamati ya kijiji inayoshughulikia ardhi itafika shambani pamoja na majirani wa pande zote nne kukubaliana mipaka. Siku hiyo usimtume mtoto. Uwepo wewe, na majirani wawepo wenyewe, kwa sababu saini ya jirani asiyehusika ndiyo inayofungua kesi baadaye. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 90. Hati husainiwa na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, ikasajiliwa na afisa ardhi wa wilaya, na hutoka nakala tatu: yako, ya masijala ya kijiji na ya masijala ya wilaya. Ukipewa hati isiyosajiliwa wilayani, hujamaliza. Benki itapiga simu wilayani kwanza.

Ukiwa na mume au mke, omba hati ya pamoja tangu mwanzo. Inapunguza mlolongo wa ridhaa tutakaoueleza mbele.

Kupata hati inayokubalika benki

Ukitaka rehani ya muda mrefu, njia ya uhakika ni kutafuta kiwanja kilichopimwa kwenye mji mdogo au makao makuu ya wilaya, hata kama utaendelea kulima kijijini. Vituo vya biashara vinavyokua huwekwa kwenye mipango miji: unachorwa mchoro, viwanja vinapimwa, ramani ya upimaji inaidhinishwa, ndipo hati zinaandaliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi, muulize afisa ardhi wa halmashauri namba ya kitalu na namba ya kiwanja, kisha uombe upekuzi rasmi Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, Tanga mjini. Upekuzi utakuonyesha mwenye hati ni nani na kama tayari iko rehani kwa mkopeshaji mwingine. Malipo yote ya serikali hupitia namba ya malipo, hayapitii mfukoni mwa mtu.

Angalia pia kodi ya pango la ardhi. Muuzaji ambaye hajalipa kwa miaka minane anakurithisha deni, na benki haitasajili rehani mpaka lilipwe. Soma na masharti ya hati, hasa muda wa kuendeleza kiwanja, ambao kwa kawaida ni miezi 36. Kiwanja kilichobaki pori muda mrefu kina hatari ya kufutiwa umiliki.

Viwanja vinavyoonekana vizuri lakini havikopesheki

Mkoa wa Tanga una mitego yake, na mkubwa ni mashamba ya mkonge. Vijiji vingi vya Muheza, Korogwe na Mkinga vimezungukwa na mashamba makubwa yenye hati za zamani, na watu wamejenga ndani yake kwa miongo. Shamba kutelekezwa hakumaanishi hati yake imefutwa. Na hata ikifutwa, ardhi hairudi kwa kijiji au kwa aliyelima hapo mpaka igawiwe rasmi. Mwenyekiti wa kitongoji hana uwezo wa kukuuzia kipande cha shamba la namna hiyo. Uliza kwa afisa ardhi wa wilaya, na utake jibu la maandishi.

Pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kandokando ya mito. Kiwanja chenye mandhari ya bahari kinaweza kuwa hakina hata mita moja ya kujengea. Kando ya barabara kuu, kama ile ya Segera kwenda Tanga na Horohoro, hesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyoingia humo mthamini haihesabu. Bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani nalo lina mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, unaopita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Anayekuuzia ardhi iliyokwisha kulipiwa fidia anakuuzia kitu ambacho si chake tena.

Kuna jambo jingine la kwetu pwani ambalo afisa mikopo kutoka bara anaweza asilijue: minazi na mikorosho kuwa na mwenyewe, na ardhi kuwa na mwingine. Mzee anaweza kukuuzia kiwanja huku minazi kumi iliyomo ni ya dada yake, au imewekwa rehani kwa jirani tangu zamani. Uliza mti kwa mti. Makubaliano yaandikwe kwenye mauziano: nani analipwa kwa miti ipi, na lini itaacha kuchumwa.

Kipato: wanakipimaje

Kwa mtumishi wa umma hesabu ni nyepesi. Makato yote yakishatoka, unatakiwa ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Tumchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 960,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5 ni 48,000, bima ya afya asilimia 3 ni 28,800, na kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza 2021 ni 106,000. Anabaki na 777,200. Theluthi isiyoguswa ni 320,000. Basi rejesho la juu kabisa ni 457,200 kwa mwezi. Kama bado anakatwa deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 yaani 144,000, linashuka hadi 313,200. Ndiyo maana watu wawili wenye mshahara mmoja hupewa mikopo tofauti, na hakuna aliyeonewa.

Umri nao unahesabiwa. Mkopo wa mshahara lazima uishe kabla ya kustaafu, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Mwenye 47 hapewi zaidi ya miaka 13.

Mkulima wa machungwa Muheza, wa viungo Amani au mvuvi wa Pangani hana hati ya mshahara. Anachohitaji ni kumbukumbu za fedha za miezi 6 hadi 12. Hapa wengi hujiharibia wenyewe: machungwa yanauzwa shambani kwa fedha taslimu, zinalipa madeni na ada, akaunti inabaki na salio la elfu kumi. Benki haiwezi kukopesha kipato isichokiona. Kuanzia msimu ujao mnunuzi akulipe kwa akaunti au kwa simu. Kama unauza kupitia chama cha ushirika, omba taarifa ya malipo ya misimu miwili au mitatu. Kisha omba ratiba ya marejesho inayofuata msimu. Usikubali marejesho ya kila mwezi kama fedha yako huingia mara mbili kwa mwaka.

Nyaraka nyingine ni namba ya NIDA, TIN, leseni ya biashara kwa mfanyabiashara, na barua ya utambulisho ya mtendaji. Mkopeshaji pia ataangalia historia yako kwenye kampuni za taarifa za mikopo kama Creditinfo. Mkopo wa simu wa elfu thelathini uliousahau unaonekana humo. Ulipe, subiri taarifa irekebishwe, halafu ndipo uombe.

Hesabu ya riba, kabla ya saini

Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukua mkopo wa milioni 30 kwa asilimia 17, riba inayopungua kadiri deni linavyopungua. Kwa miaka 10 utalipa karibu 521,000 kwa mwezi, jumla milioni 62.6. Kwa miaka 15 ni karibu 462,000, jumla milioni 83.1. Kwa miaka 20 ni karibu 440,000, jumla milioni 105.6. Tazama tofauti ya 15 na 20: rejesho linapungua shilingi 22,000 tu kwa mwezi, lakini jumla inaongezeka zaidi ya milioni 22. Muda mrefu usiuchukue kwa sababu umepewa. Uchukue kama rejesho la muda mfupi kweli halikuingii. Yule mwalimu wa 457,200 anakosa milioni 30 za miaka 15 kwa tundu la sindano. Atapata kama milioni 29.7, na mwenye deni la elimu ya juu atapata milioni 20.3 hivi.

Kwa mikopo midogo, swali kuu ni kama riba inapungua kadiri unavyolipa. Milioni 5 kwa asilimia 2 kwa mwezi, miezi 24: riba inayopungua inakupa rejesho la 264,000 na jumla milioni 6.34. Riba isiyopungua, inayohesabiwa kwa mkopo wote hadi mwezi wa mwisho, ni 308,000 kwa mwezi na jumla milioni 7.4. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni moja. Wengi hutajiwa asilimia tu. Dai jedwali la marejesho lenye kila mwezi.

Ongeza gharama za pembeni: ada ya mkopo, bima ya maisha ya mkopaji, bima ya moto, mthamini, mwanasheria na usajili wa rehani. Unaponunua nyumba, kuna na ushuru wa stempu wa asilimia 1, na benki nyingi hutaka uweke mwenyewe asilimia 10 hadi 20 ya bei. Mthamini awe amesajiliwa na bodi ya wathamini, na ripoti yake iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuna thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka. Benki hutazama ile ndogo.

Anayejiepusha na riba, na Tanga ni wengi, ana njia. Amana Bank hufuata sharia kikamilifu, na baadhi ya benki nyingine zina dirisha la kiislamu. Katika murabaha benki hununua saruji, nondo na bati dukani kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa mapema, ukailipa kidogokidogo. Andaa ankara za duka la vifaa zenye idadi kamili, kwa sababu hapa hupewi fedha mkononi.

SACCOS isidharauliwe. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako na hazidai hati ya nyumba. Hakikisha ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwenye akiba ya milioni 2 anaweza kupaua nyumba kwa mkopo wa milioni 6 bila kugusa hati ya familia.

Ridhaa, mirathi na majina

Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria inamtaka mwombaji aeleze hali yake ya ndoa, na mkopeshaji achunguze. Mwenye wake wawili aseme hivyo mapema, na mke anayeishi kwenye nyumba hiyo asaini. Kuandika "sijaoa" ili mambo yaende haraka ni kosa la jinai, na rehani yenyewe inaweza kubatilishwa.

Kiwanja kikiwa bado kina jina la marehemu babu, hakikopesheki hata kama ukoo mzima unakubali kwa mdomo. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi, Mahakama ya Mwanzo imteue, naye ahamishe umiliki kwa mrithi aliyegawiwa. Hapo ndipo mrithi aende benki. Msimamizi anayeweka rehani mali ya warithi kwa mkopo wake binafsi anawaingiza wote kwenye kesi.

Majina nayo hukwamisha faili kwa majuma: NIDA inasema Mwanaidi, hati inasema Mwanahidi. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kuomba, na uandae hati ya kiapo kwa wakili au hakimu.

Mkopo wa kujenga hutoka kwa awamu

Utahitaji michoro, kibali cha ujenzi cha halmashauri na mchanganuo wa gharama, ule ambao mafundi huuita BOQ. Benki hutoa fedha ya msingi, mkaguzi akathibitisha, ndipo itoe ya kuta, kisha ya paa na umaliziaji. Ujenzi hukwama zaidi kwenye kuta, kwa sababu fedha ya awamu ya kwanza ilitumika kununua bati likiwa na bei nafuu, au msingi uliongezwa chumba kimoja ambacho hakimo kwenye mchoro. Mkaguzi halipi chumba kisichochorwa. Weka akiba ya asilimia 10 nje ya mkopo kwa kupanda kwa bei, na panga msingi uishe kabla ya masika. Maji ya Machi hadi Mei hujaza mitaro, na fundi hulipwa mara mbili.

Ukianza kushindwa kulipa

Nenda benki kabla rejesho la pili halijapita, na barua inayoeleza kilichotokea na unachoweza kulipa sasa. Kurefusha muda au kusogeza marejesho ni rahisi zaidi kabla faili halijaenda kwa mwanasheria. Kwa Sheria ya Ardhi, mkopeshaji lazima akupe notisi ya maandishi na siku 60 kabla ya kutumia haki ya kuuza. Tarehe uliyoipokea iandike kwenye bahasha, na uisainie kwa tarehe hiyohiyo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, unayo haki ya kuipinga kama mkopeshaji hakutafuta bei bora. Nakala ya ile ripoti ya mthamini, uliyoilipia mwanzoni, ndiyo itakayokusemea siku hiyo.